Mama Kicheko na Kikombe Chake

Mke wangu alifagia kliniki ya wajawazito miaka ishirini na miwili. Akishaegemeza ufagio ukutani, anawapa maji. Nesi anaweka vidonge vitatu vya kuzuia malaria kwenye kiganja, mke wangu anatoa kikombe cha bati, mjamzito anameza hapo hapo mbele yao. Halafu mke wangu anatia mzaha. Wakamwita Mama Kicheko.

Mimi ni fundi viatu, si mtu wa maneno. Nilidhani ni domo tu.

Siku moja nilipeleka viatu vya nesi. Nikamkuta mke wa mwanangu kwenye benchi, mimba ya miezi mitano. Ile ya kwanza aliipoteza kwa malaria, damu ikamwisha mpaka viganja vikawa vyeupe. Nyumbani hatukuitaja. Kila mtu aliiogopea hii ya pili kimya kimya.

Akapewa vidonge. Akanywa maji. Akafuta mdomo.

Mke wangu akaniona mlangoni. "Jamani, mwoneni mzee huyu! Alinichumbia kwa viatu. Kashona mwezi mzima. Kuvivaa, vyote vya mguu wa kushoto!"

"Na ukamkubali?" akauliza mmoja.

"Ningemkimbiaje, na viatu vile?"

Benchi zima likaangua kicheko. Mkwe wangu naye alicheka, ila midomo kaifunga.

Mke wangu akamwekea kiganja chini ya kidevu, polepole, kama anayepokea yai.

"Tema, mwanangu."

Vikatoka vitatu, vimeanza kuyeyuka.

Kumbe mzaha ule ulikuwa kipimo. Mwenye kidonge shavuni hacheki mdomo wazi. Miaka thelathini na sita tunalala kitanda kimoja, sikulijua hilo.

Hakumgombeza. "Unaogopa nini?"

"Mama, ile ya kwanza nilimeza dawa, kesho yake ikatoka."

"Iliyoitoa ni homa. Ulikaa nayo ndani wiki nzima, dawa ikakukuta umeshachelewa. Hivi ni vya kuizuia isije."

Mkwe akamtazama nesi. "Ni kweli, dada," nesi akasema.

Akapewa vingine. Akameza, akafungua mdomo bila kuambiwa.

Tangu hapo mke wangu alipita kwao kila asubuhi na kikombe chake, ampe kidonge cha kuongeza damu.

"Mama, tangu nianze kidonge hiki, choo kimekuwa cheusi."

"Na kiwe! Kwani unakipeleka harusini?"

Mimi niligonga misumari minne ya chandarua. Mchango wangu ndio huo.

Asubuhi moja mke wangu aliniita dirishani kwao. Akamvuta mkwe kope la chini. "Tazama." Ndani palikuwa pekundu. Nilivua kofia, sijui kwa nini.

Mtoto akaja mzima. Sasa anakimbia.

Mke wangu ana miezi minne kaburini. Kliniki walinirudishia kikombe, nikakiweka kibandani kwangu, juu ya kopo la nyuzi. Juzi mkwe alikuja. Ana mimba nyingine, kidonge cha damu mkononi. Akachukua kikombe, akachota maji, akameza. Akabaki amesimama.

"Baba, haya, nichekeshe."

Nikainama chini ya meza, nikatoa viatu viwili, vyote vya mguu wa kushoto. Marehemu hakukubali kamwe nivitupe.

"Kumbe ni kweli!"

Akacheka mdomo wazi, machozi yanamtoka. Niliona hadi jino la mwisho.