Povu la Mueni

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu, niliamini kabisa kwamba kifafa kinakaa kwenye povu. Nyanya yangu, tuliyemwita Susu kama Wakamba wamwitavyo nyanya, ndiye aliyenifunza. Ukimwona mtu ameanguka anatetemeka, usimguse. Povu lake likikupata, ugonjwa umepata nyumba mpya. Susu hakuwa mtu mbaya. Aliwaombea wagonjwa wa kijiji kizima, na dawa ya kila ugonjwa wa mbuzi aliijua. Hilo la povu tu, hakuna aliyewahi kumuuliza amelitoa wapi.

Mueni alikuwa binamu yangu, amenizidi miaka miwili, na kifafa kilikuwa chake tangu akiwa mchanga. Tulikuwa tukienda mtoni pamoja. Kiangazi mto wetu hukauka, watu wakachimba mashimo mchangani, maji yakajikusanya kidogo kidogo, ukayachota kwa kikombe hadi mtungi ujae. Jioni moja Mueni aliinama kuchota, akaanguka kifudifudi, uso ndani ya shimo. Maji yenyewe hayangefunika kifundo cha mguu.

Tulikuwa watoto watano. Wenzangu walitimua mbio papo hapo. Mimi nilibaki nyuma kidogo, na si kwa wema: nilikuwa navuta mtungi wangu kutoka pale shimoni, povu lisije likaingia kwenye maji yetu. Ndipo nikakimbia kumwita Susu.

Tulipofika na watu wazima, Mueni alikuwa ametulia, uso bado majini, hapumui. Susu alisimama mbali, leso mdomoni.

"Si niliwaambia?" alisema polepole. "Hiyo ugonjwa haiachi mtu."

Miaka mingi nilidhani onyo lake lilitimia. Sikuona kwamba ni sisi tuliolitimiza.

Leo nafundisha baiolojia katika shule ya upili hapa Machakos, na somo la afya nimeachiwa mimi. Zamani niliandika ubaoni: kifafa hakiambukizwi. Wanafunzi wakanakili, kwenye mtihani wakapata. Kisha msichana wa kidato cha pili akaanguka darasani, na darasa zima likamwagika nje, wengine kwa dirisha. Waliopata alama zote ndio waliotangulia. Nilimgeuza ubavu peke yangu, na sitaficha: hata mimi, pamoja na digrii yangu, nilisita kwanza. Nilijionea aibu, na mpaka leo sijapona.

Tangu hapo chaki naiweka kando. Napaka povu la sabuni mdomoni, nalala sakafuni, na kila mwanafunzi lazima anigeuze ubavu, alegeze kola yangu, aweke sweta chini ya kichwa, kisha akae nami mpaka niseme inatosha. Wanacheka sana. Wacha wacheke.

Juma lililopita zamu ilimfikia Kioko, kijana mkimya wa dawati la nyuma. Alisimama juu yangu, mikono mfukoni.

"Lakini mwalimu, susu alisema ukigusa hiyo povu, hiyo ugonjwa inakushika."

"Hata susu wangu alisema hivyo," nilimjibu nikiwa chini.

Kioko alitoa mkono mfukoni, akautazama, akapiga magoti, akanishika bega na kunigeuza. Alipolegeza kola, povu lilimwingia vidoleni na hakulifuta.

Mimi ni mtu mzima, mzito. Mueni alikuwa mtoto mwembamba. Na bado Kioko alinigeuza kwa muda mfupi kuliko ule niliotumia mimi kuvuta mtungi siku ile mtoni.