Mama Takwimu na Masikio ya Mafundi

Daktari mmoja mtafiti alipopita mitaani na mkoba wake wa vipimo, watu walimkimbilia wamwonyeshe vidonda na magoti yao. "Mimi sitibu mtu mmoja mmoja," aliwaambia. "Naangalia mtaa mzima unavyozeeka." Ndipo wakambandika jina la Mama Takwimu. Shangazi yake naye hakukosa la kusema: "Yaani umesoma kote huko uje kuhesabu mvi?"

"Na zako ndizo zimenishinda, shangazi!"

Tangu ujana alikuwa akiwafuatilia watu walewale, akiwapima presha, mwendo, nguvu za mkono na kumbukumbu. Alikuwa na kiu ya kujua kwa nini mmoja anazeeka akiwa ngangari na jirani yake anaishiwa nguvu mapema.

Mwaka mmoja majibu yalimshtua. Wazee waliokaa karibu na karakana kubwa ya vyuma, wengi wao mafundi wake wa zamani, walishindwa maswali ya kumbukumbu kuliko wazee wengine wote wa mji. Baadhi ya wenzake ofisini walihisi ni moshi, wengine maji. Yeye roho haikutulia, akaenda mwenyewe.

Katika nyumba ya kwanza, binti wa fundi mmoja mstaafu alimpokea kwa huzuni. "Usijisumbue, mama. Kichwa cha baba kimechoka. Ukimwuliza hili, anajibu lile."

Mama Takwimu akajaribu. "Mzee, leo ni siku gani?"

"Asante, nimeshakunywa."

Mara kifuniko cha sufuria kikaanguka jikoni, kwaa! Wanawake wote wawili wakaruka. Mzee hata kope hakupepesa.

Moyo ukamlipuka Mama Takwimu. Akasogea, akainama sikioni kwa mzee, akarudia swali kwa sauti kubwa.

"Jumatano," mzee akasema. "Kwani kwenu hakuna kalenda?"

Akamwuliza mengine, yote akayajibu bila kukwama. Binti akapiga magoti mbele yake. "Baba, kumbe unakumbuka?"

"Nakumbuka yote. Nyinyi ndio mliacha kuzungumza na mimi."

Mama Takwimu alitoka mbio, simu mkononi, akiwapigia kelele wenzake ofisini: "Nyundo zimekula masikio yao! Tulipima usikivu tukadhani tunapima akili!"

Wakarudi mtaani wote, safari hii wakaanza na masikio. Wapo waliokuwa wamepoteza kumbukumbu kweli, lakini wengi walikuwa na akili timamu, wamefungiwa tu kwenye ukimya. Utafiti ulipotoka, zahanati ikaanza kugawa vifaa vya kusikia, na karakana ikawalazimisha mafundi wake kuziba masikio kazini. Mama Takwimu akaalikwa mikutanoni huku na huko, na kila mahali alisimulia akirukaruka kama msichana.

Lakini siku aliyoipenda kuliko zote ni ile mzee alipovalishwa kifaa chake. Mjukuu akamwimbia kwa nguvu zake zote. Mzee akasikiliza, machozi yakimtiririka, kisha akamgeukia binti yake.

"Kumbe huyu mtoto hajui kuimba, na hamkuniambia!"