Watu Waliokuja Macho Yalipoondoka

Mwanamke wa kwanza alikuja kiasi cha saa nne asubuhi, akakaa juu ya pipa la maji uani kwetu, mtaa wa Atlabara. Alivaa gauni la kijani lililopigwa pasi vizuri, na kofia ya ukindu yenye ukingo mpana ambayo sijawahi kuiona kichwani mwa mtu yeyote Juba. Mimi nilikuwa chini ya rakuba, kile kibanda cha miti na mikeka tunachokaa kukwepa jua, nikichambua mchele kwa vidole. Nikamkaribisha. Hakujibu. Nikamwambia ashuke, mfuniko ule haukuwa imara. Aliendelea kutazama mbele.

Mama yangu akatoka jikoni. Kiswahili chake alikiokota kambini Kenya, tulikoishi ukimbizini mpaka nikamaliza chuo cha ualimu, na hadi leo anakizungumza vilevile alivyokiokota.

"Wewe iko naongea na nani?" akauliza.

Nikanyoosha mkono. Nikamsikia akienda kwenye pipa, akafunua, akachota maji, akafunika. Alikuwa amepitisha mkono katikati ya yule mwanamke, naye hakusogea wala gauni lake halikukunjamana.

Kilichonitisha zaidi ni kwamba nilimwona vizuri. Wakati huo hata mama yangu mzazi nilimwona kama doa tu linalopita kwenye ukungu. Mwanamke yule nilimwona mpaka nyuzi za kola.

Niseme hali yangu ilivyokuwa. Nilikuwa mjane, mwalimu wa shule ya msingi mtaa wa Buluk, na kwa miaka sita presha ya macho ilikuwa ikinila polepole. Kwanza nilipoteza pembeni, nikawa naona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Halafu bomba lenyewe likajaa moshi. Siku niliposahihisha daftari la mtoto nikaweka alama za vema juu ya karatasi tupu, mwalimu mkuu aliniita na kuniambia kwa upole nikapumzike nyumbani. Matone niliyotumia mara yalipatikana, mara hayakupatikana. Miaka yote hiyo niliomba. Sikuomba kwa ufasaha. Nilimwambia Mungu neno moja asubuhi na jioni, aniachie kidogo. Kila mwaka alichukua kidogo tena, nami nikaendelea kuomba, kwa sababu sikuwa na mwingine wa kumwambia.

Baada ya mwanamke wa kofia walikuja wengine. Wanaume wafupi, wa kimo cha goti langu, walipanga mstari kando ya ukuta mchana kweupe. Nyuso nyingine hazikuwa na mwili, zilikuwa na meno makubwa na macho yasiyopepesa. Hakuna aliyesema neno. Hawakunigusa, na wengi hawakunitazama hata kidogo. Nikifumba macho waliondoka wote. Nikifumbua, walikuwepo.

Jumapili moja waliingia kanisani. Ibada yetu ya Kiswahili ni ya alasiri, na huwa nakaa benchi la nyuma kabisa pamoja na mama. Mahubiri yakiendelea, mabenchi ya mbele yalijaa watoto waliovaa kitambaa cha aina moja. Miili yao ilielekea madhabahuni. Nyuso zao zilielekea kwangu. Nikashika mkono wa mama kwa nguvu hata akaguna.

Kanisani tulikuwa na shemasi, mama wa Kikenya aliyesimamia usafi katika hoteli moja mjini, mtu wa kufunga na kuomba. Nilimweleza yote. Hakunicheka. Alisema hao ni pepo, na kwamba pepo haingii nyumba ambayo haikufunguliwa mlango. Akapanga siku saba za maombi, yeye na akina mama wengine watano, pale sebuleni kwetu. Kila alasiri walinizunguka, wakaniwekea mikono kichwani, wakakemea. Kila alasiri niliwaona wale wafupi wamesimama nyuma yao, wametulia kama watu wanaongoja zamu yao kliniki.

Siku ya tano shemasi aliinama karibu nami.

"Mwalimu," alisema, "kuna kitu umekificha. Kitaje, utoke kifungoni."

Sikuwa na kitu. Nilikuwa na njaa, shingo iliniuma kwa uzito wa mikono yao, na nilisikia mama analia jikoni. Nikasema uongo. Nikawaambia kwamba nilipofiwa na mume wangu nilikwenda kwa mganga, nikapewa dawa ya kufukia chini ya kizingiti. Wakapaza sauti kumshukuru Mungu. Wawili walichukua jembe wakachimba mlangoni. Hawakupata kitu, lakini wakasema dawa imekwisha kuyeyushwa kwa damu ya Yesu. Nikaitikia amina. Juu ya mabega yao nyuso zenye meno zilikuwa zinanitazama, na kwa mara ya kwanza niliona kama zinanijua.

Baada ya hapo sikwenda kanisani. Mama alikwenda peke yake. Nilibaki uani nikijaribu kuomba, na kila nilipoanza nilikumbuka lile shimo pale mlangoni, nikanyamaza. Macho nilikuwa nimeyazoea kuyapoteza. Lakini ile hali ya kumwambia Mungu jambo bila aibu, hiyo sikujua nitaishi vipi bila yake. Wiki zikawa miezi. Nilifikia kudhani kwamba Mungu ameniondolea vitu halisi akanipa picha hizi kwa dhihaka.

Kisha akaja daktari wa macho kutoka Uganda, kwa wiki mbili tu. Mama alinipeleka. Tulipanga foleni tangu alfajiri. Alipomaliza kunipima alisema mishipa ya macho imekufa, hakuna atakachoweza kurudisha. Halafu, kama mtu anayeulizia habari za nyumbani, akauliza kama huwa naona watu.

Nikageuza uso pembeni. Akaendelea taratibu, akasema wagonjwa wengi huficha jambo hilo. Ubongo uliozoea kuona, ukinyimwa picha, hujitengenezea zake mwenyewe. Si wazimu, na kwa kadiri ya elimu yake si pepo. Nikamuuliza kwa nini wana kofia. Alisema hajui. Nikamuuliza kwa nini watoto walinitazama. Hilo pia alisema hajui.

Kutoka kliniki nilimwomba mama anipeleke moja kwa moja kwa shemasi. Alikuwa na mapumziko siku hiyo. Alituwekea chai, na kabla sijainywa nikamwambia kwamba niliwadanganya, sikwenda kwa mganga, na kwamba uongo ule umenitenga na Mungu kuliko ugonjwa wote.

"Nilikulazimisha," akasema. "Mungu anisamehe mimi kwanza."

Kisha akauliza kwa sauti ya chini kama hata wakati ule walikuwepo. Nikamwambia yupo mmoja, msichana mdogo, kando ya kiti chake.

"Amevaa nini?"

Nikamweleza: gauni la manjano, kola nyeupe, kiatu kimoja.

Nilisikia kikombe chake kikigonga sahani. Akainuka, akaenda dirishani, akasimama huko kwa muda mrefu. Aliporudi alikalia kiti kingine. Hakuniambia kitu, nami sikuuliza, wala sijauliza mpaka leo. Daktari alikuwa ameshanieleza, na maelezo yake nayakubali. Siku ile tu hayakunitosha.

Jioni ile niliomba. Nilifumba macho, watu wote wakatoweka, likabaki giza tupu, na humo nikasema lile neno langu la zamani nikakuta limebadilika. Sikumwomba tena aniachie. Nilimwambia nipo. Sikusikia jibu. Sikupata ishara. Lakini nilisema bila aibu, na nililala usingizi.

Nilirudi kanisani. Shemasi alisimama mbele ya watu akaeleza kosa lake mwenyewe, jambo ambalo sikumwomba alifanye. Sasa huja kwangu kila Jumamosi kunisomea Maandiko, na kabla ya kukaa hunigusa bega na kuuliza kiti kipi kiko wazi.

Macho yamekwisha kabisa. Watu wanakuja bado, wachache kuliko zamani. Jumapili iliyopita nilipewa kuongoza maombi ya wagonjwa. Nilisimama mbele nikaliona kanisa limejaa mpaka madirishani, na sikuweza kujua ni wangapi kati yao walitoka nyumbani kwa miguu yao. Nikaomba macho wazi, nikawataja wagonjwa mmoja mmoja. Njiani tukirudi mama alisema niliomba kwa muda mrefu mno, hata watu wakaanza kuangalia saa.