Damu ya Nyumbani

"Siz, kama chembe nyeupe ni askari wa mwili, mbona hawa wangu wananishika mimi?"

Mdogo wangu aliniuliza hivyo akiwa wodini Thika. Alikuwa kidato cha tatu, na alikuwa na saratani ya damu. Mimi, dada yake, nilikuwa nimemaliza shahada ya sayansi mwaka huo. Nikaenda kusimama dirishani.

Miaka hiyo ya tisini sikujua kutulia. Nilifundisha Ruiru, na kipindi cha mwisho kikiisha nilikimbilia hospitali kuhoji watu. Dawa hii ni ya nini? Nani kaamua? Daktari, mtu mpole, alinivumilia. Alinieleza kwamba ng'ambo mgonjwa huweza kupewa uboho wa mifupa ya ndugu yake, na chembe za uboho huo, kwa kuwa ni ngeni, huwinda saratani iliyobaki. Sampuli zangu na za mdogo wangu zingepelekwa kupimwa kama tunalingana. Tukingoja, aongezewe damu.

"Damu ya nani?" nikauliza.

"Ya hapa hospitalini. Imepimwa."

"Imepimwa na nani? Lini?"

Ukimwi ulikuwa umetuulia majirani wawili mtaani kwetu Ngoingwa. Nikakataa katakata. Damu itoke nyumbani, au isiwepo.

"Haya, wewe ndiye umesoma," baba alisema, akaanza kukunja mkono wa shati.

Tulitoa kwa zamu: baba, mama, kisha mimi. Siku mbili baada ya yangu, mdogo wangu alikuwa ameketi, anakula viazi.

"Siz, tangu jana nabishana na manesi. Hii damu yako ina kiburi!"

"Afadhali," nikamwambia. "Ile ya baba ilikufanya ulale saa mbili usiku kama yeye."

Mama alicheka mpaka akalazimika kutoka nje.

Majibu yaliporudi, nililingana naye. Tulisafiri ng'ambo, nikatobolewa nyonga, akapewa uboho wangu. Wiki zikapita. Haukushika; mwili wake uliukataa, na tulirudi bila yeye. Daktari wa kule alisema hutokea. Mara hiyo sikuuliza zaidi.

Nilikuwa nimevuka arobaini niliposoma kwamba mgonjwa anayetarajia uboho wa ndugu yake haongezewi damu ya jamaa zake, kwa sababu mwili hujifunza kuitambua kuwa ngeni, na uboho wao ukija, huenda ukaukataa.