Kombe ambalo Maalim alikataa kuliandika

Nakumbuka ule mlio kabla ya kitu kingine chochote. Nilikuwa nje kwenye bomba la maji, nasukutua mdomo baada ya kutapika, na darasa sikuwa nikiliona. Nikasikia madawati yakiburutwa juu ya saruji, arubaini kwa wakati mmoja, yakilia vibaya mno. Nilijua matokeo yameshasomwa. Na kwa vile wasichana walivyokuwa wakicheka, nilijua kuna jambo.

Mwanangu, umekuja kwangu hapa Malindi na macho yaliyovimba, na leo mchana unarudi shuleni. Mama yako, binti yangu, bado anakufungia nguo. Basi kaa hapa karibu nami nikueleze habari ambayo hata yeye sijapata kumweleza yote.

Shule yetu ilikuwa ya bweni, ya wasichana watupu, huko Kilifi. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, nami niko kidato cha tatu. Tulikuwa na desturi moja pale ambayo siku hizi huenda mtu akashtakiwa kwayo: tulikaa kwa namba. Kila mwezi tulifanya mtihani, mwalimu wa darasa akasoma majina kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, kisha kila msichana akaburuta dawati lake hadi mahali panapomstahili. Wa kwanza alikaa mbele kwenye dirisha, akapata upepo wa bahari. Wa mwisho alikaa nyuma pembeni, pa joto, penye ufagio na pipa la taka. Mgeni akiingia darasani hakuhitaji kuuliza nani hodari na nani si hodari. Aliona kwa macho.

Mimi nilikuwa dirishani miaka miwili mfululizo. Jina langu Rukia lilikuwa limesahaulika, wasichana wakiniita Namba Moja, na mwenyewe niliitika. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na maringo ya haki mtaani kwetu. Mtu akija kuazima chungu, kabla hajapewa atasikia habari zangu. "Rukia wangu hana mpinzani," alikuwa akisema, na mimi nikiwa likizo nikisikia hayo nyuma ya pazia, nilivimba kwa furaha na nikataka kulia, vyote pamoja.

Maana nilikuwa na siri. Karibu mwaka mzima kila asubuhi ya mtihani nilitapika. Mikono ilitetemeka hata nikaishikilia kalamu kwa mikono miwili. Aliyejua ni mtu mmoja tu, Kadzo, msichana wa Kigiriama kutoka Jilore, ambaye siku zote alikuwa namba mbili. Ndiye aliyekuwa akinishika kichwa nikitapika na kuniletea maji kwa kikombe chake cha bati. "Leo umetapika chai tu," aliniambia siku moja. "Kesho kula mkate, angalau uwe na kitu cha maana cha kutapika." Ndivyo alivyokuwa, hana maneno ya kubembeleza, lakini mkono wake hautoki mgongoni mwako.

Siku ile ya bombani niliingia darasani nikakuta dawati langu liko katikati ya njia. Nilikuwa wa tisa. Kadzo alikuwa wa kwanza.

"Pisheni njia jamani, meli inahama bandari!" alipiga kelele Zuhura, msichana wa mtaa wetu mmoja hapa Malindi. Darasa zima likaangua kicheko. Niliinama kulivuta dawati, likanishinda. Mtu akashika upande wa pili akaniinulia. Alikuwa Kadzo. Tukalibeba sote wawili hadi safu ya pili, naye akarudi kukaa mahali pangu.

Nilipofika nyumbani likizo ile, mama alinitazama mara moja tu akajua. Nilikuwa nimekonda, na kila nikichana nywele chanuo linajaa. Aliniketisha jikoni.

"Nafasi yako kaishika nani?"

"Kadzo."

"Yule wa Jilore? Mwala pamoja?"

"Twala pamoja."

"Kakupa nini cha kwao?"

Nikakumbuka kwamba aliporudi kutoka kwao mara ya mwisho alinipa muhogo wa kuchoma, mzuri, wa majivu. Nikasema, "Muhogo."

Mama akapiga kofi pajani. "Basi! Mtoto wangu kapigwa jicho, au kalishwa kitu."

Hapo, mwanangu, ndipo nilipokosa. Ningeweza kusema, "La mama, nilikuwa natapika kabla ya muhogo, nilikuwa natapika tangu mwaka jana." Maneno hayo yalinifika kooni. Lakini niliona vile uso wake ulivyopata nafuu. Kwake yeye, binti aliyerogwa bado ni binti hodari. Binti anayeogopa karatasi ya mtihani hakuwa akimjua, wala mimi sikujua nitamwelezaje. Nikanyamaza, nikaokota chanuo langu.

Mama hakuwa mtu wa kuficha. Alimweleza jirani, na jirani ndiye mama yake Zuhura. Shule ilipofunguliwa, habari ilikuwa imetangulia. Bwenini wasichana walianza kuficha machanuo yao chini ya godoro ili Kadzo asipate nywele zao. Akiweka ndoo kwenye foleni ya maji, ndoo mbili za mbele na mbili za nyuma zinasogea. Mezani anakula peke yake, na benchi lile ni la watu wanane. Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemtukana. Lakini sisi watu wa huku twajua neno hilo likimshika mtu linamfuata mpaka kwao, na linaweza kumfikia mama yake na nyanya yake, na mwisho wake si maneno tena.

Siku ya saba Kadzo alinikuta sehemu ya kufulia. Alikuwa amesimama wima, mikono imelowa sabuni.

"Rukia, watu wasema nimekuroga. Na wewe wasemaje?"

"Sijui mimi," nikasema, na macho yangu yako kwenye shati nililokuwa nikifua.

"Hujui." Alisubiri. Nadhani alinipa muda mrefu kuliko niliostahili. Kisha akasema, "Haya," akakamua nguo yake, akaenda. Jumamosi akabeba sanduku lake akaenda kwao, na Jumatatu hakurudi. Matroni akatuambia kwamba Kadzo amesema hasomi tena.

Wiki hiyo hiyo mama alikuja kuniombea ruhusa, akanipeleka kwa Maalim. Alikuwa mzee wa mtaa wa pili, mwandishi wa makombe. Watu walitoka Mambrui kuja kwake. Alikuwa akiandika aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, anaziosha kwa maji ya waridi, mgonjwa anakunywa. Miwani yake ilikuwa imefungwa kwa uzi upande mmoja. Alitupokea, akaweka sahani mbele yake, akachovya kalamu ya mwanzi.

"Aumwa nini?" aliuliza.

"Jicho, Maalim," alijibu mama. "Na nasikia na kulishwa muhogo. Kuna msichana mmoja..."

"Bi. Khadija, namuuliza mgonjwa mwenyewe." Akanigeukia. "Waumwa siku gani, mwanangu?"

"Siku za mtihani."

"Na siku za likizo?"

"La."

"Na ukisoma kitabu ambacho hutaulizwa?"

"La, Maalim. Nasoma vizuri."

"Yalianza lini?"

Nilimtazama mama. Nikasema polepole, "Mwaka jana."

"Na huyo msichana muhogo kakupa lini?"

"Mwaka huu."

Mzee akaifuta kalamu yake kwa kitambaa, akaiweka chini. Zafarani ilikuwa bado mbichi kwenye kikombe. Hakupaza sauti. Mwanangu, natamani angepaza.

"Unaogopa," alisema. "Kuogopa si haya. Mimi nilipohifadhi juzuu ya kwanza niliogopa mpaka nikajikojolea mbele ya baba yangu, na watu wakaona. Lakini wewe umeichukua hofu yako ukaivisha mtoto wa watu, kisha waja hapa nikuandikie maneno ya Mwenyezi Mungu uyanywe juu ya uwongo. Siandiki. Hata mama yako akilia, siandiki. Mwambie sasa hivi, nami nikiwa hapa."

Nikamwambia. Nilisema yote, kutapika, mikono, kikombe cha bati, nani alikuwa akinishika kichwa. Nililia kamasi zikaingia mdomoni. Nilingoja mama anipige, au aseme nimemwaibisha mbele ya Maalim. Mama alijiziba mdomo kwa mkono. Kisha akauliza swali moja tu, tena kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea: "Mwaka mzima, Rukia? Na mimi niko wapi?"

Nimejivunia watu wengi maishani, lakini nakwambia, sijapata kujivunia mtu kama nilivyojivunia mama yangu siku iliyofuata. Mwanamke yule ambaye hakuwa akimwomba radhi hata mume wake alivaa buibui lake zuri, akanishika mkono, tukaenda Jilore. Gari lilituacha barabarani tukatembea juani kati ya mihogo ya watu, akiuliza njia kila nyumba. Tulimkuta mama yake Kadzo akipukuchua mahindi, na majirani wawili wako pale. Mama hakuwaomba waondoke. Alivua viatu, akakaa mkekani, akasema mbele yao, "Dada, nimelichafua jina la mtoto wako. Hakufanya kitu. Nimekuja niliseme hapa, na nitalisema Malindi nyumba kwa nyumba kama nilivyolipeleka."

Mama yake Kadzo aliendelea kupukuchua kidogo. Kisha akasema, "Mwanangu angejua kuroga angeanza na yule mbuzi. Kila siku ala mihogo ya jirani, mimi natukanwa." Majirani wakacheka, naye akacheka, ila macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Kaeni mle."

Kadzo alikuwa amesimama nyuma ya jiko. Hakucheka. Nilimwendea nikamwomba msamaha, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nitarudi shule," alisema. "Si kwa ajili yako. Nataka kusoma. Na kule utasema mwenyewe kwa mdomo wako, sio mama yako."

Nilisema. Jumatatu iliyofuata, Kadzo naye amerudi, ukumbi wa chakula, mahindi na maharagwe mezani, nilisimama juu ya benchi kwa sababu mimi ni mfupi. "Kadzo hakunifanya lolote. Natapika kwa sababu naogopa mtihani. Hata kesho nitatapika." Nikashuka, nikaenda kukaa kwenye benchi la Kadzo.

"Kumbe hata Namba Moja!" alisema Zuhura, wakacheka, ndiyo, walicheka. Lakini jioni ile sehemu ya kufulia, Zuhura huyo huyo alikuja karibu nami akajifanya anatafuta sabuni. Akaninong'oneza kwamba yeye siku za matokeo hupata homa. Juma lile walinijia wengine watatu, kila mmoja kivyake, kila mmoja akidhani yuko peke yake. Kadzo ilimchukua muhula mzima kunizoea tena, na nilingoja.

Sikurudi dirishani. Kidato cha nne nilimaliza wa kumi na moja. Siku hiyo nilikula sahani yangu yote, na mama aliwaambia watu mtaani, "Rukia wangu ni wa kumi na moja," kwa maringo yale yale, mpaka wakashangaa. Nikawa mwalimu, na darasani kwangu hakuna mtoto aliyewahi kukaa kwa namba. Kadzo akawa mkunga, hodari kupita kiasi. Mama yako alipozaliwa, mikono iliyompokea ilikuwa ya Kadzo. "Huyu naye atakuwa wa tisa," aliniambia akimpangusa, tukacheka hadi muuguzi mkuu akaja kututazama.

Sasa nisikilize, mwanangu. Juzi ulimpigia mama yako simu kutoka shuleni ukamwambia, "Mama, naogopa huu mtihani mpaka silali." Ulidhani umetuvunja moyo. Mimi nilipopewa habari nilikaa kitandani nikamshukuru Mungu, kwa sababu jambo lililonichukua mimi mwaka mzima na machozi ya mtoto wa watu, wewe umelifanya kwa simu moja. Nakuonea fahari kuliko cheti chochote utakachoniletea.

Soma kwa bidii, sikwambii uache. Akili Mungu kakupa, itumie. Ila hofu ikikushika, iite kwa jina lake mbele ya mtu anayekupenda, tena mapema, kabla hujaanza kumtafuta wa kumlaumu. Ukimwona mwenzako anatapika, mshike kichwa, hata kama ndiye anayekushinda. Mwalimu akikwambia wewe ni namba, mwambie kwa adabu jina lako. Na usiku ulale. Leo mama yako atakwenda kuonana na mwalimu wako. Mwache aseme, nawe ukiulizwa, sema kweli.

Mola akupanulie kifua, aitulize mikono yako juu ya karatasi, akukutanishe na wenye roho kama ya Kadzo, na akujaalie uwe hivyo kwa wengine. Akurudishe kwetu mzima, kwa namba yoyote atakayokuandikia. Amin.

Haya, mama yako anaita. Nipe mkono. Umeubusu wangu, umenyanyua mkoba wako begani, hujageuka nyuma, na mabega yako yako juu, mwanangu. Umetoka, na mlango umefungwa nyuma yako.