Kanzu Niliyomvalia Meya

Nichekeni tu, mwenyewe nimeshajicheka. Kuta za fleti tuliyopangishwa na kaunsili, halmashauri ya mji, hapa Edmonton zimeota ukungu, mama anakohoa usiku kucha, na kila nikipiga simu naambiwa nisubiri. Jumamosi nikaona bango kwenye jumba la zamani la baraza: leo kuna kikao, wote karibuni. Nikarudi mbio kuvaa kanzu na koti, maana kwetu Unguja huendi mbele ya wakubwa na jinzi.

Ndani, madiwani wenye makoti marefu na sharubu walikuwa wakijadili nyumba mbovu za maskini. Nikadhani Waingereza nao wana mavazi yao ya heshima. Nikasimama, nikasema yote mpaka sauti ikakatika. Meya akaniita bwana, kitu ambacho kaunsili haijawahi kufanya, akaahidi mafundi Jumatatu. Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Nikamfuata nje kumshukuru. Nikamkuta anabandua sharubu.

“Umeigiza kutushinda sote,” akaniambia. “Nimeamini kabisa tuko miaka mia iliyopita. Na hilo vazi umelikodi wapi?”