Mama alivyoianika juani betri yangu ya lithium

Habari zenu wakuu. Hili limenitokea mwenyewe, sitii chumvi, na nilipokosea nitasema nilikosea.

Mimi ni fundi umeme wa magari, niko Dar. Kwetu ni Mbwara, Rufiji. Mama anaishi peke yake shambani, nguzo za umeme hazijamfikia, na ana kisukari. Dawa yake ya sindano inataka baridi.

Mwaka jana nilipata seli za betri ya gari la umeme lililogongwa. Ni lithium iron phosphate, kwa kifupi LFP. Zamani wengi walizikwepa kwa sababu ya uzito, na gari halikuwa likifika mbali kwa chaji moja. Sasa zimeboreshwa, zinajaa haraka, zinadumu miaka, na haziwaki moto ovyo kama ndugu zao, lithium za aina nyingine.

Nikaunga nne kwenye sanduku, nikaweka saketi ya ulinzi inayokata umeme chaji ikipungua mno, nikampelekea mama pamoja na paneli ya sola na kifriji. Niliringa sana, nakiri.

Juzi kati mama akapiga simu.

"Baba, betri imekufa tangu jana. Nimeianika."

"Umeianika?"

"Juani, kwenye ungo wa baba'ako."

Wakuu, nilifoka. Nilimfokea mama yangu mzazi, na aibu ninayo mpaka leo. Nikapanda basi hadi Ikwiriri, halafu bodaboda, njia nzima nawaza dawa imeharibika na betri imevimba.

Nafika, dawa kaiweka kwenye kopo lenye mfuniko, kaizamisha kwenye mtungi wa maji. Iko baridi safi. Yeye kakaa uani, kanga kichwani, analinda betri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Nzito hii! Lakini naigeuza, kama za baba'ako."

Enzi za ruksa, bidhaa za nje zilipofunguliwa na redio za kaseti zikaanza kujaa madukani, marehemu mzee alinunua moja dukani kule Bungu. Betri zikichoka alizianika kwenye ungo huohuo, na kazi ya kuzigeuza ilikuwa yangu. Jioni redio inapata sauti kidogo, tunasikiliza taarifa ya habari sote watatu.

Nililikumbuka jua lile, nikachutama kando ya mama.

Nikagusa sanduku. Lina joto, ila halijavimba. Ingekuwa lithium ya aina nyingine ningekaa mbali kwanza.

Kumbe mvua ilinyesha siku tatu, majani ya mkorosho yakafunika paneli, chaji ikaisha, saketi ikajizima. Basi. Nikaiweka betri kivulini ipoe, nikafagia paneli, nikaunga nyaya. Baada ya muda kifriji kikaanza kunguruma, mama akapiga kigelegele peke yake.

Nilimwomba radhi. Nilikuwa nimemwonyesha swichi tu, sikumweleza jua linaingilia wapi. Nilidhani hawezi kuelewa, kumbe sikumpa nafasi. Hilo ndilo funzo langu: ukimpelekea mzazi kitu kipya, kaa naye chini umweleze, na umuulize yeye alizoea kufanyaje.

Safari hii alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza, "Na wenye magari hayo ya umeme hawazianiki?"

"Hapana, mama."

"Basi hawakuwa na baba'ako."

Tulicheka hadi machozi, na mengine hayakuwa ya kucheka.

Wakuu, kwenu nani alikuwa akizigeuza betri juani? Andikeni hapo chini, nitamsomea mama.